Maziwa ya moto, mwalimu na "fizikia ya Mpemba"

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, juu kwenye milima ya Usambara wilayani Lushoto, wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe hadi yakaribie joto la chumbani, kisha unayamimina kwenye trei na kuiingiza kwenye friji. Shida ilikuwa nafasi. Trei zilikuwa chache na wenye hamu wengi, kwa hiyo aliyechelewa alikosa.

Siku moja Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinunua maziwa kwa akina mama wa jirani akaanza kuyachemsha. Mwenzake mmoja alipomwona yuko jikoni, alishtuka kwamba atapitwa. Akachanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha, akayamimina kwenye trei na kukimbilia friji. Mpemba akaona imebaki trei moja. Akisubiri maziwa yapoe, hana chake. Akaamua kuyatia humo humo yakiwa ya moto, huku akijua kwamba huenda akaliharibu friji la watu. Baada ya saa moja na nusu walirudi wote wawili kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia kwa nini imekuwa hivyo. Jibu lilikuwa fupi: ulichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Na Mpemba, kama alivyoandika mwenyewe baadaye, alimwamini.

Kisa hiki husimuliwa sana, na kwa kawaida husimuliwa kwa dakika mbili: kijana wa Kitanzania aliona jambo, mwalimu akamdhihaki, mgeni msomi akaja akampa haki yake, na leo wanasayansi dunia nzima wanasema "athari ya Mpemba", yaani cha moto kuwahi kuganda kuliko cha baridi. Kila nikikisikia kikisimuliwa hivyo huwa namhurumia mwalimu. Si kwamba hakukosea. Alikosea, na kosa lake nitalifikia. Ila kosa lenyewe si lile analotwishwa. Nadhani kila aliyewahi kushika chaki, na kila aliyewahi kukaa dawati la nyuma na swali lililomkaa kooni, ana faida ya kukipitia kisa hiki polepole.

Basi tuendelee. Likizo ilipofika, Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini. Akagundua kwamba jamaa huyo huweka mchanganyiko wake ukiwa wa moto, makusudi, kwa sababu huganda mapema. Kumbe kwa wauza aiskrimu wa Tanga lile "lisilowezekana" lilikuwa namna ya kufanya kazi. Hawakuwa na maelezo, walikuwa na wateja.

Baadaye Mpemba alifaulu akaenda Mkwawa, Iringa, kusoma kidato cha tano. Somo la joto lilipofika, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa. Akainua mkono tena. Mwalimu, kwa nini maziwa ya moto na ya baridi yakiwekwa kwenye friji kwa wakati mmoja, ya moto huganda kwanza? Mwalimu akasema hadhani kama ni hivyo. Mpemba akasema ni kweli, nimefanya mwenyewe. Mwalimu akajibu kwamba alichanganyikiwa. Mpemba hakukaa chini. Wakabishana mpaka mwalimu akafunga mjadala kwa maneno ambayo yamedumu kuliko kipindi chenyewe: basi, ninachoweza kusema ni kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima.

Tangu siku hiyo, Mpemba akikosea kusoma logariti kwenye jedwali, mwalimu alisema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Darasa likaupokea mzaha. Kila alipoteleza katika jambo lolote, wenzake walilitaja jambo hilo na kumalizia: ya Mpemba. (Kwa msomaji wa Kiswahili jina lenyewe linaongeza chumvi, maana "fizikia ya Mpemba" inaweza kusikika kama habari za mtu wa kisiwani Pemba. Mpemba hapa ni jina la ukoo tu.)

Sasa tuingie upande wa mwalimu, tena tuingie kwa moyo safi, kana kwamba tumeajiriwa kumtetea.

Kanuni aliyokuwa akiifundisha inasema kwamba kadiri kitu kinavyokizidi kwa joto kile kinachokizunguka, ndivyo kinavyopoa kwa kasi. Mwanafunzi mvivu husikia hapo kwamba cha moto hupoa haraka, basi kitawahi. Sivyo. Chukua mabasi mawili yanayokwenda Dar es Salaam. Moja linaondoka Chalinze, jingine linaondoka Kibaha, dakika ileile. Dereva wa Chalinze hukanyaga mafuta kwa nguvu akiwa mbali, na hupunguza kadiri anavyoukaribia mji. Ni kweli anakwenda kasi kuliko mwenzake. Lakini hawezi kufika Ubungo bila kupita Kibaha, na akifika Kibaha mwendo wake utakuwa umeshuka hadi kuwa sawa na ule ambao basi la pili lilianza nao pale pale. Kwa muda huo basi la Kibaha limeshakwenda zake. Haliwezi kufikiwa.

Maji ya nyuzi 100 lazima yapite nyuzi 35 kabla ya kufika sifuri. Yakifika 35, yale yaliyoanza na 35 yameshashuka chini. Hakuna ujanja katika hesabu hiyo. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa la Mkwawa akikataa swali la Mpemba hakuwa akitetea cheo chake tu, alikuwa akitetea hoja nzima iliyokaa sawa, hoja ambayo mwanafunzi hodari angepaswa kuitoa mwenyewe. Zaidi ya hapo, huenda alisikia katika swali lile kosa analolijua. Walimu wa sayansi huzoea kusikia makosa yaleyale mwaka hadi mwaka, na "cha moto hupoa haraka, basi kitafika kwanza" ni miongoni mwa hayo. Mwanafunzi anaposema jambo linalofanana na kosa la kawaida, sikio la mwalimu humaliza sentensi kabla ya mdomo wa mwanafunzi.

Tena kulikuwa na mtihani. Miaka ile mitihani ya sekondari ilisimamiwa kutoka Cambridge. Maswali yalikuja kutoka mbali na majibu yalisahihishwa mbali. Msahihishaji asingetoa alama kwa habari ya trei ya aiskrimu Lushoto. Mwalimu anayempeleka kijana chumba cha mtihani akiwa na "fizikia yake" anamfelisha, na mwalimu huyo anajua.

Sasa hamia upande wa Mpemba. Yeye hakuwa na hoja, alikuwa na trei mbili. Aliziona kwa macho, na hakuwa peke yake, mwenzake alikuwa amesimama pembeni na uji wake. Halafu Tanga akakuta watu wanaoutegemea ukweli huo kwa riziki. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "ulichanganyikiwa" hujamjibu swali, unamwambia kwamba macho yake si shahidi wa kuaminika. Neno hilo halikuwa na ushahidi wowote nyuma yake. Mwalimu hakuwa amezitazama zile trei.

Hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo, na ajabu ni kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Mwalimu alikuwa akizungumzia maji mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa joto. Mpemba alikuwa akizungumzia maziwa mawili ambayo, ukiyachunguza, hayakufanana hata kidogo. Ya kwake yalichemshwa, ya mwenzake hayakuchemshwa. Yaliyochemka yalikuwa yametoa mvuke na hewa. Trei ziliwekwa sehemu mbili tofauti za friji. Na ile ya moto, kama ilitua juu ya utando wa barafu uliojijenga ndani ya friji, iliuyeyusha ikagusana na chuma chenyewe, ilhali ile ya baridi ilikaa juu ya utando kama mtu aliyelala juu ya godoro.

Rudi kwenye mabasi. Hesabu ya mwalimu ina sharti lililojificha: basi la Chalinze likifika Kibaha, liwe sawasawa na lile lililoanzia Kibaha. Je, kama njiani limeshusha abiria na magunia ya mkaa? Hapo si basi lilelile tena. Kanuni ya Newton haikuvunjika, ila haikuulizwa swali hilo.

Ukitazama hivyo, unaona kwamba mwalimu alikuwa na njia ya kutoka iliyo nyepesi mno, isiyomgharimu hata chembe ya heshima. Angeuliza: trei zilikuwa wapi? Zilikuwa na maziwa kiasi gani? Ya mwenzako yalichemshwa? Maswali matatu tu, na kipindi cha joto kingekuwa kipindi bora cha muhula. Kanuni ingebaki salama, na kijana angejifunza jambo kubwa kuliko kanuni, yaani jinsi ya kulinganisha vitu viwili bila kujidanganya.

Hakuuliza. Badala yake akatoa jina, na jina ndilo kosa lake. Kukataa swali ni sehemu ya kazi ya ualimu. Anayekubali kila kitu hafundishi. Lakini "fizikia ya Mpemba" halikuwa jibu la "hapana". "Hapana" inabishaniwa, inapimwa, inaweza kushindwa. Jina la utani halibishaniwi, kila unapolipinga linazidi kukuganda. Na tazama linavyofanya kazi: linalitoa dai kwenye maji na kulipeleka kwa mtu. Kabla ya sentensi ile, suala lilikuwa kama maziwa huganda hivi au hivi. Baada yake, suala likawa Mpemba ni mtu wa namna gani. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwalimu aliitumia hekima hiyo pale isipofaa, kwenye friji, mahali ambapo hakuna cha kwako wala cha kwangu.

Na wanafunzi wenzake? Hawa husahaulika katika kisa hiki, nami nawaona ndio waliokaza kitanzi. Mwalimu alisema neno, wao wakalifanya wimbo. Si ajabu. Darasani, anayeng'ang'ania swali huwachelewesha wengine, na anayeshindwa mbele ya mwalimu huwapa wengine nafuu ya kuwa si wao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Darasa zima lilikuwa limekaa likisubiri kuusikia mfupa ukilia.

Alasiri moja Mpemba alikuta maabara ya biolojia iko wazi na hakuna mwalimu. Akachukua bika (vikombe vya maabara) mbili ndogo za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia ya friji. Baada ya saa moja akatazama. Hakuna bika iliyokuwa imeganda yote, ila iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi. Mwenyewe aliandika kwamba matokeo hayo hayakutosha kukata shauri, akapanga kurudia akipata nafasi. Zingatia hapo. Kijana aliyeambiwa miezi mingi kwamba hajui fizikia, anapata matokeo yanayompendelea, na bado anasema hayatoshi.

Halafu akaja Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Maswali yalipokaribishwa, Mpemba akasimama. Ukichukua bika mbili zenye maji ya ujazo sawa, moja ya nyuzi 35 na nyingine ya nyuzi 100, ukaziweka kwenye friji, iliyoanza na 100 huganda kwanza. Kwa nini?

Osborne akatabasamu, akamwomba arudie. Akauliza: ni kweli? Umefanya mwenyewe? Mpemba akajibu ndiyo. Osborne akasema: sijui, lakini naahidi kulijaribu nikirudi Dar es Salaam.

Nisimame hapa kidogo, maana ndipo wasimuliaji wengi hupita mbio. "Ndiyo" ya Mpemba ilikuwa ndefu kuliko alichokifanya. Alikuwa amefanya kwa maziwa, halafu kwa maji ya bomba na ya moto, na matokeo ya maji hayo mwenyewe alikuwa ameona hayatoshi. Zile 35 na 100, safi na kamili, ni swali lililopigwa pasi kwa ajili ya mgeni. Sisemi alidanganya. Nasema kwamba mtu aliyechekwa kwa muda mrefu, akipata nafasi moja mbele ya mtu mkubwa, hawezi kuja na "nadhani" na "huenda". Dhihaka ilikuwa imemfundisha kusema kwa uhakika kuliko alivyokuwa na uhakika. Hilo nalo liandikwe kwenye deni la lile jina la utani.

Wenzake walimshambulia baadaye kwamba ameiaibisha shule, kwamba alikusudia kumwuliza mgeni swali asiloweza kulijibu. Mmoja alimwuliza kama kweli aliielewa ile sura ya kanuni ya Newton.

Jambo jingine ni hilo "sijui" la Osborne, linalosifiwa sana, na kwa haki. Yeye mwenyewe alikiri kwamba moyoni alidhani kijana amekosea, akajizuia kwa sababu aliamini swali la mwanafunzi halipaswi kufanyiwa kejeli. Lakini bei ya "sijui" haikuwa sawa kwa watu wale wawili. Mgeni anaisema saa nne asubuhi na jioni yuko njiani kurudi Dar es Salaam. Ana maabara, ana fundi wa kumsaidia, ana muda. Mwalimu akisema "sijui" Jumatatu, Jumanne yuko mbele ya darasa lilelile, na sura inayofuata haijaanza. Nawajua walimu wanaoisema kila wiki na heshima yao inapanda. Nawajua pia waliowahi kuisema mara moja wakaambiwa na mkuu wa shule wajiandae vizuri zaidi.

Dar es Salaam, Osborne alimpa kazi hiyo fundi kijana wa maabara. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Sentensi hiyo naipenda kuliko zote katika kisa hiki. Imesemwa bila ubaya wowote, na mtu aliyetumwa kutazama, aliyetazama, na aliyeona. Bado jibu sahihi kwake lilikuwa lile lililoko kitabuni, na kazi ya jaribio ilikuwa kulifikia. Mwalimu wa Mkwawa hakuwa mtu wa peke yake, kumbe. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa wa elimu ile, na mimi nasema hata ya hii tuliyo nayo. Tofauti ni kwamba fundi alikuwa na bosi aliyemwambia aandike alichokiona.

Majaribio yalirudiwa kwa uangalifu. Osborne alitumia bika zenye maji ya sentimita za ujazo 70, zikakaa juu ya povu gumu la plastiki ili sakafu ya friji isiingilie, na hivyo hoja ya utando wa barafu ikaondolewa. Alipotandaza utando mwembamba wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa sana, ishara kwamba sehemu kubwa ya joto ilikuwa ikitokea juu, usoni mwa maji. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Nusu ya kwanza ni Mpemba akisimulia mwenyewe, kuanzia maziwa ya Magamba. Wakati huo hakuwa tena mwanafunzi wa fizikia. Alikuwa Mweka, karibu na Moshi, katika chuo cha usimamizi wa wanyamapori, kazi aliyokuja kuifanya maishani.

Mwaka uleule, bila kujua habari za Mpemba, mtafiti wa Canada aitwaye Kell aliandika juu ya jambo hilohilo, akitaja imani ya watu wa kwao kwamba gari lisioshwe kwa maji ya moto wakati wa baridi kali kwa sababu yataganda upesi zaidi. Na ukirudi nyuma, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikuwa amewataja wavuvi wa pwani ya Bahari Nyeusi, waliomwaga maji ya uvuguvugu kuzunguka mianzi yao ya kuvulia juu ya barafu ili ishikwe haraka. Francis Bacon aliligusa mwaka 1620, Descartes mwaka 1637. Wavuvi, waosha magari, wauza aiskrimu wa Tanga: waliolijua ni watu wa kazi. Fizikia ya madarasani ndiyo iliyokuwa imelisahau, pengine kwa sababu ilikuwa imepata kanuni nzuri mno ya kupoa.

Kama kisa kingeishia hapa, hukumu ingekuwa rahisi. Hakikuishia.

Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri zaidi kwa nini maji ya moto huwahi kuganda. Yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mshindi alikuwa Nikola Bregović kutoka Zagreb, na Mpemba na Osborne, wazee sasa, walikutana tena London Januari 2013 kwenye sherehe hiyo. Bregović alishinda, ila wanasayansi hawakuridhiana. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden, wa London na Cambridge, walichapisha utafiti wenye kichwa cha habari cha kukata: maji ya moto hayapoi kuwahi yale ya baridi. Walipima wenyewe muda wa kufika nyuzi sifuri, wakapitia vipimo vya waliotangulia, wasione ushahidi wa kutosha. Zaidi ya hapo walionyesha kwamba ukiweka vipimajoto viwili kwa tofauti ya kimo cha sentimita moja tu, unaweza kujitengenezea athari ya Mpemba ambayo haipo.

Kwa hiyo mwalimu alikuwa sahihi? Wapo waliofurahia kusema hivyo. Lakini angalia walichopima: muda wa kufika sifuri. Kufika sifuri si kuganda. Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki majimaji, yakisubiri chembe ya vumbi au mtikisiko ili barafu ianze, na subira hiyo hutofautiana kutoka kikombe hadi kikombe. Mpemba hakuwahi kuuliza ni yapi yanafika sifuri kwanza. Hakuwa na kipimajoto pale Magamba. Aliuliza ni ipi imekuwa aiskrimu.

Mwaka 2020 John Bechhoefer na Avinash Kumar, huko Canada, walionyesha kwa punje ndogo mno ya kioo iliyoelea majini kwamba mfumo ulioanza ukiwa wa joto zaidi unaweza, katika hali maalumu, kutulia upesi kuliko ulioanza ukiwa vuguvugu. Si maji yanayoganda, si maziwa. Ila lile neno "haliwezekani" lilikufa hapo. Kuhusu maji yenyewe kwenye friji la kawaida, ubishi bado upo mezani.

Hapo ndipo ninapoona ubaya wa kukisimulia kisa hiki kama kesi yenye mshindi. Tunamdhihaki mwalimu kwa kudai uhakika asiokuwa nao, kisha tunadai uhakika tusiokuwa nao ili kumdhihaki.

Na kuna jambo linalonisumbua zaidi, la ushahidi. Kila tunachokijua kuhusu ugomvi wa Mkwawa kimetoka kinywani mwa Mpemba. Makala ya 1969 ina sauti mbili, ya mwanafunzi na ya mhadhiri. Ya mwalimu haimo. Amebaki kwenye historia kwa sentensi chache, zilizokumbukwa na mtu aliyeumizwa nazo, zilizoandikwa miaka kadhaa baadaye katika lugha ya makala ya jarida. Sina sababu ya kumtilia Mpemba shaka. Anasimulia kwa utulivu, na anajisema mwenyewe pale ambapo matokeo yake yalikuwa dhaifu. Lakini katika baraza lolote la usuluhishi, la kijiji au la shule, mzee wa kwanza kusimama angesema upande wa pili haujasikika. Pengine mwalimu alisema lile neno akicheka, akidhani wanataniana, na hakujua lilivyoingia. Pengine Mpemba alikuwa ameshauliza mara nne siku hiyo. Pengine alikuwa mkali tu, na sentensi ile ndiyo laini kati ya alizosema. Zote zinaingia katika maneno yaleyale. Tunachoweza kukipima ni tokeo: kijana aliondoka kwenye kipindi cha joto akiwa na jina, bila jibu.

Mkwawa ya leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu mwaka 2005. Wanafundishwa walimu pale. Ningekuwa na mamlaka, kisa hiki kingekuwa zoezi la wiki nzima, na wanachuo wangegawanywa: nusu wamtetee mwalimu kwa nguvu zote, nusu wamtetee mwanafunzi, na Alhamisi wabadilishane viti. Nadhani wengi wangeshangaa jinsi upande wa mwalimu unavyotetewa kwa urahisi mpaka unapofika kwenye lile jina, na jinsi upande wa mwanafunzi unavyoteleza unapofika kwenye ile "ndiyo".

Ukitaka kulijaribu nyumbani, si kazi. Vikombe viwili vinavyofanana, maji kutoka chanzo kimoja, ujazo uleule. Kimoja maji ya kawaida, kingine yaliyotoka kuchemka. Viweke usawa mmoja ndani ya friza, juu ya kipande cha boksi ili visiguse utando wa barafu, na usifungue mlango kila dakika mbili kuchungulia, maana kila ukifungua unaingiza joto. Rudia siku nyingine ukivibadilishia nafasi, maana kona moja ya friza huwa baridi kuliko nyingine. Matokeo yako yanaweza yasifanane na ya jirani, wala na ya kwako ya jana. Na kabla hujafungua mlango mara ya kwanza, kubalianeni mlioko jikoni: imeganda ile yenye utando juu, yenye barafu kingoni, au ile ambayo ukikipindua kikombe hakimwagi tone?